Nilimwita Mpwa Wangu Mwizi wa Stima

Mwezi wa Agosti 2023 nilisimama uani kwa mama, karibu na Kimilili katika kaunti ya Bungoma, nikamwita mtoto wa dada yangu mwizi. Sikumwita kando. Nilipaza sauti, na majirani wawili waliokuwa wamekuja kuchukua simu zao walisikia kila neno. Nilisema anauza stima ninayoilipia mimi. Alikuwa na umri wa miaka 13, na hakuwa ameiba chochote. Naliandika kosa hili kwa sababu nililitenda hadharani, na kwa sababu mzizi wake naendelea kuuona katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma zenye mita ya tokeni: tunalipa kila mwezi bila kusoma tunacholipia, kisha pesa zikiyeyuka tunatafuta mtu wa kulaumu.

Naishi Kitale, ambako nasimamia duka la mbegu na mbolea. Mama anaishi kwenye boma la marehemu baba, na mtoto huyo alilelewa naye tangu alipoanza shule, kwa kuwa dada alikuwa akihangaika na kazi Eldoret. Stima iliingia pale kupitia Last Mile, mradi uliozinduliwa mwaka 2015 na kushusha gharama ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Kabla ya hapo usiku wa boma letu ulikuwa wa koroboi. Sasa kukawa na balbu nne, redio, televisheni ndogo na mahali pa kuchajia simu. Tokeni nilinunua mimi nikiwa Kitale: naingia M-Pesa, naweka nambari ya biashara 888880, nambari ya mita ya mama, kiasi, natuma. Ujumbe wenye tarakimu 20 ukifika nauelekeza kwenye simu ya mama, na mtoto anazibonyeza kwenye kile kidude cha ukutani. Mwaka 2022 shilingi 300 zilimtosha mama mwezi mzima. Nilijivunia hizo 300. Zilinifanya nijione mwana anayemtunza mamake.

Desemba mwaka huo nilimpelekea friji. Nilikuwa nimejinunulia mpya, ile ya zamani nikaipakia kwenye pikapu, nikapita nayo Kiminini na Kamukuywa hadi nyumbani, nikaiweka sebuleni mwa mama mbele ya jamaa waliokuja Krismasi. Mama ana ng'ombe, na nilieleza kwa urefu jinsi maziwa ya jioni yatakavyolala bila kuganda. Kile ambacho sikueleza, ingawa nilikijua, ni kwamba mpira wa mlango ulikuwa umekauka. Mlango haukushika vizuri mpaka uusukume kwa nyonga. Kwangu Kitale niliizoea hali hiyo mpaka nikaacha kuiona kuwa ni ubovu.

Januari zikaanza simu. "Mwanangu, stima imekwisha." Mwezi haujafika kati. Nikaongeza 200. Februari vivyo hivyo, nikaongeza 300. Aprili na Mei mambo yakazidi, na mara nyingine mama alikaa gizani hadi nipate mshahara. Nilikasirika pole pole, kwa namna mtu anavyokasirika akiwa mbali na jambo analoligharimia. Ndipo binamu mmoja akanitajia, kwa nia njema tu, kwamba watu wa pale jirani ambao hawajaunganishiwa umeme huchajia simu zao kwa mama, na kwamba kijana huwatoza shilingi 10 kila simu. Sikuuliza lolote zaidi. Nilikuwa nimepata mshukiwa kabla sijatafuta sababu.

Nilipofika Agosti nilikuta mezani ekstensheni moja na simu tano zimechomekwa, na pembeni kopo la kahawa lenye sarafu. Nilimuuliza hizo pesa ni za nini. Akanijibu waziwazi: "Khocha, hizo ndizo tunanunulia tokeni yako ikiisha." Nikamwambia anadanganya, kwa sababu anayenunua tokeni ni mimi. Mama akasema, "Mwanangu, sikiliza kwanza." Sikusikiliza. Nilichomoa ile ekstensheni, nikatoka nayo nje, na huko uani ndiko nilikotamka neno lile. Jioni nilimpigia dada simu aje amchukue mwanawe. Akaja. Muhula wa tatu ulipoanza, mtoto alikuwa katika shule mpya Eldoret, na dada alikuwa amenunua sare nyingine, amelipa ada ya kujiunga na kumtafutia mahali pa kulala katika chumba chake kimoja.

Kwa msomaji asiye Mbukusu, naomba nieleze uzito wa jambo hili. Khocha ni mjomba, kaka wa mama. Mtoto wa kiume wa Kibukusu anapokwenda jandoni, ni lazima afike kwa khocha wake, ambaye humchinjia na kumvika shingoni nyama iitwayo luliki. Bila khocha, mtoto ana upande mmoja wa ukoo usiomtambua. Kwa hiyo mtu anayepaswa kumsimamia mtoto huyo mbele ya watu ndiye aliyemwaibisha mbele ya watu. Nilijua desturi hiyo. Niliipitia mwenyewe.

Sasa nafika mahali panaponiumiza kuliko hata siku ile ya Agosti. Mtoto aliondoka, ekstensheni nikaja nayo Kitale, hakuna simu ya jirani iliyochajiwa tena katika nyumba ile. Stima iliendelea kwisha. Septemba iliisha mapema, Oktoba na Novemba pia. Ushahidi kwamba nilimwonea ulikuwa ukinijia kila mwezi kwa sauti ya mama yangu mwenyewe, nami nikautafutia maelezo mengine: labda mama analala bila kuzima taa, labda televisheni inakesha. Ukishamhukumu mtu, kukubali kwamba umekosea ni gharama, na mimi niliona afadhali nilipe stima kuliko gharama hiyo.

Kilichonitoa huko ni hesabu ya mwisho wa mwaka pale dukani. Kila Desemba tunahesabu mbolea na mbegu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwaka huo mifuko kadhaa ya mbolea haikuonekana, na mmoja wa vijana wa stoo akaanza kutetemeka. Nikamwambia asiogope, kwanza tufungue daftari. Tukafungua, tukakuta mifuko hiyo iliandikwa mara mbili siku ilipopokelewa. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na uzito kifuani. Kijana wa dukani, ambaye si ndugu yangu, nilimfungulia daftari. Mtoto wa dada yangu sikumfungulia hata ujumbe mmoja wa simu.

Usiku huo nilichukua daftari la shule nikaanza kunakili jumbe zote za tokeni za mama tangu 2022. Kwa mara ya kwanza nilisoma ujumbe mzima. Siku zote macho yangu yalikuwa yakitua kwenye zile tarakimu 20 na kuishia hapo. Lakini ujumbe unasema zaidi ya hayo: unaonyesha pesa ulizotoa, uniti ulizopata, sehemu ya pesa iliyonunua umeme wenyewe na sehemu iliyokwenda kwenye tozo nyingine. Nikapanga tarehe, pesa, uniti. Nikagawanya pesa kwa uniti, nikaandika bei halisi ya uniti moja pembeni. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa, na naona aibu kwamba sikuwahi kuifanya.

Mwaka 2022 shilingi 300 zilinunua kama uniti 17. Kufikia katikati ya 2023 shilingi zile zile zilinunua kama uniti 11. Kumbe hata kama nyumba ya mama isingebadilika hata chembe, 300 zangu zisingefika mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimempa mama kipimo kilekile cha pesa nikidhani nampa kipimo kilekile cha stima.

Kwa nini bei ilipanda? Hapa nililazimika kujifunza, na nayaandika kwa sababu najua wengi hawajaelezwa. Bei ya msingi ya umeme hupangwa na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Mnamo Januari 2022 serikali ilikuwa imepunguza bei kwa asilimia 15, na nafuu hiyo ikakoma mwaka ulipokwisha. Kisha Aprili 2023 yakaja mabadiliko makubwa zaidi. Zamani nyumba iliyotumia hadi uniti 100 kwa mwezi ilihesabiwa katika daraja la wanyonge, lenye bei ya chini kabisa. Kuanzia Aprili hiyo daraja la chini likaishia uniti 30, kwa shilingi 12.22 kwa uniti kabla ya tozo. Wanaozidi 30 hadi 100 wakapangiwa shilingi 16.30, na wanaopita 100 shilingi 20.97.

Lililonishtua ni namna ya kuhesabu daraja. Nilidhani uniti 30 za kwanza zinauzwa kwa bei ya chini, kisha za juu yake ndizo zinazopanda. Sivyo. Wanaangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu iliyotangulia, na ukishavuka 30, uniti zako zote zinauzwa kwa bei ya daraja la juu, pamoja na ile ya kwanza. Na ukipunguza matumizi leo, hutaona nafuu leo; wastani wa miezi mitatu unakuvuta nyuma. Wapo bado watu Kitale wanaosema ununue tokeni nyingi mwanzoni mwa mwezi ndipo upate uniti nyingi, au ununue kidogo kidogo. Imani ya namna hiyo ilikuwa na maana wakati kulikuwa na ada ya kudumu ya shilingi 150 kila mwezi, ambayo ilifutwa mwaka 2018. Siku hizi tarehe ya kununua haikuhamishi daraja.

Juu ya bei ya msingi kuna tozo. Kubwa ni ya mafuta, ambayo hulipia mafuta yanayochomwa kwenye mitambo ya dizeli na hutangazwa kila mwezi katika gazeti rasmi la serikali. Kuna marekebisho ya sarafu za kigeni, ambayo huuma shilingi inapodhoofika, kama ilivyodhoofika 2023. Kuna marekebisho ya mfumuko wa bei, kuna tozo ya rasilimali za maji, tozo ya EPRA yenyewe, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Hiyo ya vijijini niliitazama kwa muda mrefu. Kwa miaka nilidhani ni pesa zinazopotea, na kumbe tozo ya namna hiyo ipo ili nguzo zifike vijijini kama kwetu.

Bado swali lilibaki: mama alivukaje 30? Nilisafiri hadi nyumbani na daftari langu. Jioni nilisoma uniti zilizobaki kwenye mita, nikazima na kuchomoa kila kitu isipokuwa friji, tukalala. Asubuhi nikasoma tena. Robo tatu ya uniti ilikuwa imekwenda katika usiku mmoja wa baridi, nyumba yote ikiwa imelala. Usiku uliofuata tuliizima friji tukaacha balbu moja ikiwaka. Mita karibu haikusogea. Nikaweka mkono kwenye ukingo wa mlango wa friji nikahisi baridi ikitoka. Mashine ilikuwa ikipambana kuipoza sebule nzima ya mama, mchana na usiku, tangu Krismasi ya 2022. Ilikula uniti 45 kwa mwezi, pengine zaidi, katika nyumba ambayo kila kitu kingine kwa pamoja hakikuzidi 17. Zawadi yangu ndiyo iliyompandisha mama daraja, na kwa kuwa alipanda daraja, hata balbu zake zikawa ghali.

Kisha nikafanya hesabu ya simu. Betri ya simu ya kawaida ya kisasa hubeba wati-saa 15 hadi 19 hivi. Ya kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, haifiki 5. Uniti moja ya stima ni wati-saa 1,000. Hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja, uniti moja huchaji simu za kisasa zaidi ya 40, na kabambe kwa mamia. Uniti hiyo moja ilikuwa ikigharimu chini ya shilingi 30. Kwa shilingi 10 kila simu, mpwa wangu alikuwa akirudisha shilingi 400 kutokana na uniti moja. Ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyekuwa amefanya hesabu ya stima ikatoka sawa.

Nikaomba simu ya mama. Humo, katikati ya jumbe nilizozituma mimi, kulikuwa na jumbe za tokeni nisizozijua: shilingi 100, shilingi 100 tena, 150. Zilifuatana na tarehe zile zile mama aliponiambia stima imekwisha nami nikasema angoje mwisho wa mwezi. Sarafu za kopo la kahawa zilipelekwa kwa wakala, zikawekwa kwenye M-Pesa ya mama, zikanunua tokeni. Mtoto alikuwa amenijibu ukweli mtupu.

Mama hakunikemea. Alinisikiliza nikimweleza habari za friji, kisha akasema, "Hata sikuwa nimeiomba." Tulimwita fundi kutoka Kimilili abadilishe mpira wa mlango, matumizi yakapungua, lakini hayakushuka chini ya 30. Mama akaamua mwenyewe. Maziwa ya jioni anamuuzia jirani, ya kunywa anachemsha. Friji ikatolewa. Ilichukua ile miezi mitatu ya wastani kabla bei yake kurudi daraja la chini, na siku ujumbe ulipoonyesha uniti zimeongezeka kwa pesa zile zile, mama alinipigia simu akanisomea nambari yeye mwenyewe.

Ningeishia kwa mama ningekuwa nimesema nusu. Daftari lilipokamilika nililigeuzia nyumba yangu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, upepo wa Mlima Elgon na wa Cherangani unakutana kwetu, na hakuna anayependa kuoga maji baridi saa kumi na mbili asubuhi. Tuna shawa ya umeme, kama nyumba nyingi za mjini. Yetu inavuta kilowati 5.5. Dakika kumi za kuoga ni karibu uniti moja nzima, nasi ni watu watano. Hiyo ni zaidi ya uniti 130 kwa mwezi kabla hujawasha hata balbu, yaani tayari daraja la juu kabisa. Nilikuwa nikipoteza maelfu kwenye maji ya moto Kitale huku nikimfukuza mtoto Bungoma kwa ajili ya mia tatu. Na nyumbani kwangu sikuwahi kumwita mtu yeyote mwizi. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninalolipata si zuri: kule kwa mama nilijihesabu mfadhili, na mfadhili huona kila kinachopungua kuwa kimeibwa.

Jambo jingine daftari lilifichua ni mikopo. Tokeni ikiisha usiku nilikuwa nikikopa kwa simu, na ada yake ilikuwa asilimia 10. Shilingi 300 zilirudi 330, na kwa kuwa mkopo ulikatwa mara pesa ziingiapo, nilianza kila mwezi nikiwa nimepungukiwa na hivyo nikakopa tena. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa natumia mkopo mahali pa mpango.

Sasa tunapanga, mke wangu nami, na mpango wenyewe ni mwepesi. Siku ya mshahara tunafungua daftari. Tunaangalia mwezi uliopita tulitumia uniti ngapi, tunagawanya pesa za ujumbe wa mwisho kwa uniti ili tujue bei halisi, tunazidisha, tunaongeza kidogo kwa sababu tozo ya mafuta hubadilika, tunanunua zote mara moja. Watoto ndio wanaosoma mita kila Jumapili na kuandika. Shawa tunaitumia kwa muda mfupi, na maji ya wadogo tunapasha kwa gesi, ambayo VAT yake iliondolewa Julai 2023. Hatujashuka chini ya 100 kila mwezi. Miezi ya baridi ya Juni na Julai hutushinda. Lakini tunajua mapema itakuwa kiasi gani, na fungu lake linakuwepo, na sijakopa tokeni tangu hapo.

Nilikwenda Eldoret Februari 2024 kumwomba mtoto msamaha. Nilibeba daftari. Tuliketi chumbani kwa dada, nikamwonyesha mpwa wangu ukurasa kwa ukurasa, friji, daraja, simu, zile jumbe za 100. Akasoma kwa makini kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Sawa, khocha," basi. Nilipotaka kuaga, dada alinisindikiza hadi stendi na hakuzungumza mpaka matatu ilipokaribia kujaa. Ndipo akasema, "Kaka, ulimsema uani, mbele ya watu. Unamrudishia jina lake chumbani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi Kitale nikijua sijamaliza.

Mwaka 2024 ulikuwa wa tohara kwetu, kwani Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti. Kijana akarudi Kimilili, akavaa shanga, akashika chinyimba, zile kengele za mikononi, akazunguka na wenzake akiwaalika jamaa. Siku moja kabla ya kisu alifika bomani kwetu kuchukua luliki. Nilikuwa nimemwomba mzee anayesimamia ukoo aniruhusu kusema kwanza. Alitaka kujua nitasema nini, nikamweleza, akanyamaza kidogo kisha akaniambia nisirefushe.

Uani palepale, wakiwemo wale majirani wawili, nilisema kwamba mwaka uliopita nilimwita kijana huyu mwizi wa stima, kwamba hakuiba, kwamba stima ililiwa na friji niliyoileta mimi ikiwa mbovu nami nikijua, kwamba pesa za simu zao alizinunulia nyanya yake tokeni nilipochelewa kuzileta mimi. Nikasema nimemkosea yeye, dada yangu na mama. Mama mmoja, mwenye simu mojawapo ya zile tano, akasema kwa sauti kwamba wao walijua siku zote. Hilo lilinichoma, na ni haki linichome: kijiji kizima kilijua ukweli wa nyumba yetu isipokuwa mimi niliyekuwa nikiilipia. Kisha nikamvika mpwa wangu nyama shingoni. Alitazama mbele tu, jinsi kijana wa siku ile anavyotakiwa kutazama. Sikupata jibu lake, na siku ile haikuwa yake ya kunijibu mimi.

Hajarudi kuishi kwa mama. Amezoea Eldoret, ana marafiki, na sitamwomba arudi ili mimi nijisikie nafuu. Sare, ada ya kujiunga na nauli alizotumia dada mwaka ule niliziandika daftarini, ukurasa uleule wa stima na gesi, nami nazilipa kila mwezi kama ninavyolipa tokeni. Dada alikataa mara ya kwanza. Nilimwambia si zawadi.

Novemba 2024 mita za tokeni zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24, hapa Kenya na kwingineko duniani zinakotumika mita za aina hiyo. Ukinunua tokeni ulipata mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ni ya kusasisha mita, la tatu ndilo stima yenyewe, na ilibidi uyaingize kwa mpangilio. Nilimnunulia mama, nikamtumia ujumbe, nikajiandaa kumpigia jioni nimwelekeze. Nilipopiga, alikuwa ameshamaliza. Alikuwa amempigia mjukuu wake Eldoret, akamsomea ujumbe wote, naye akamwambia aanze na lipi na angoje nini kwenye kioo kabla ya kuendelea.